Je, ni kweli kwamba Bali maji ya mpunga yanagawiwa na hekalu?

SWALI: "Mimi ni katibu wa chama cha wamwagiliaji katika skimu ya mpunga yenye hekta 80. Kila msimu ni ugomvi. Wa juu wanafungulia maji wanavyotaka, sisi wa chini tunapandikiza tukiwa tumechelewa mwezi mzima, na mpunga wetu ukianza kutoa masuke panya na ugonjwa wa kimyanga vimeshajaa. Kijana mmoja wa hapa ametuonyesha picha za majaruba ya ngazi ya Bali, Indonesia. Anasema kule maji yanagawiwa na makuhani, kila mtu anatii, na hawajagombana kwa miaka elfu moja. Mkutanoni wengine walisema huo ni ushirikina, wengine wakasema ni maigizo ya kuvutia watalii. Tuna fedha za kupeleka watu wawili tu. Je, kuna cha kujifunza kwa watu tusio wa dini ile? Na wakienda, waanzie wapi wasije wakawakosea wenyeji?"

JIBU:

Ndugu Katibu, ninavyokuelewa, hofu yako ni kutumia hela ya chama, watu wakapanda ndege, kisha wakarudi na picha nzuri na hadithi tamu huku maji yakiendelea kuibwa usiku kama kawaida. Ni hofu ya haki. Basi nianze kwa kumsahihisha yule kijana, halafu niwageukie waliomcheka.

Bali makuhani wa Kihindu hawagawi maji. Anayesimamia maji ni mkulima mwenzao, anayeitwa pekaseh, ambaye wanachama humchagua wenyewe. Anaongoza chama kiitwacho subak, yaani wakulima wote wanaopata maji kutoka chanzo kimoja, hata kama wanaishi vijiji tofauti. Hili la vijiji lishikeni: mpaka wa subak ni mfereji, si kijiji. Kisiwa kina subak zipatazo 1,200, na kila moja ina wakulima kati ya 50 na 400. Pekaseh ana naibu, mwandishi, mtunza fedha na mpiga mbiu wa kupeleka taarifa nyumba kwa nyumba, na subak kubwa hugawanyika katika makundi madogo, kila kundi na mkuu wake. Ukiondoa majina ya Kibali, ni uongozi ambao wewe na wenzako mnaujua.

Na si kweli kwamba hawagombani. Sheria za subak, zinazoitwa awig-awig, zamani ziliandikwa kwa kuchorwa kwenye majani makavu ya lontar, mti wa jamii moja na mvumo wetu. Ndani yake mna faini za aliyeziba mfereji, aliyepanua mdomo wa maji yake, aliyeacha ng'ombe akanyage kingo, na aliyekosa kazi ya kusafisha mfereji bila kulipa fidia. Watu wasioiba maji wasingehitaji kuandika faini ya kuiba maji. Anayerudia rudia hufungiwa maji. Asiyeweza kutoa jasho, labda kwa kuwa ameajiriwa mjini, analipa badala yake, na daftari lina orodha mbili: wanaofanya kazi na wanaolipia. Tofauti yao na nyie, basi, iko katika jinsi wanavyoumaliza ugomvi.

Sasa waliosema ni maigizo ya watalii. Maandishi ya kale ya Bali yanataja mafundi wa kuchimba mahandaki ya maji tangu karne ya 9, na neno linalofanana na subak linaonekana katika karne ya 11. Mahandaki hayo, aungan, yalihitajika kwa sababu mito ya Bali imekata mabonde membamba yenye kina kirefu, hivyo maji yako chini na shamba liko juu. Wanaweka banio, kizuizi cha kuchepushia maji ya mto, mbali kule juu mlimani, kisha wanayapitisha maji ndani ya mwamba, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita moja, mpaka yanatokea kwenye mteremko unaoweza kulimwa. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja wala haifanywi kwa ajili ya mtalii. UNESCO ilipouweka mfumo huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012, haikuorodhesha mandhari peke yake. Iliorodhesha kwa pamoja hekalu la Ulun Danu Batur, Ziwa Batur lenyewe, mashamba ya bonde la Pakerisan, mashamba ya chini ya mlima Batukaru pamoja na Jatiluwih, na hekalu la kifalme la Taman Ayun. Jumla ni takriban hekta 19,500. Tegallalang, karibu na Ubud, kwenye yale mabembea ambayo bila shaka ndiyo kijana wenu aliyoyaona kwenye simu, haimo katika orodha hiyo.

Hekalu linaingia wapi, basi? Linaingia kila mahali maji yanapogawanyika. Anzieni chini kabisa, kwenye shamba la mtu mmoja. Pale maji yanapoingilia jaruba la kwanza, kwenye kona ya upande wa juu, pana madhabahu ndogo ya mianzi au jiwe. Kona hiyo ndiyo tukufu kuliko zote, kwa kuwa Wabali hupima utukufu kwa mteremko: upande wa mlimani, kaja, ni wa heshima, na upande wa baharini, kelod, ni wa chini. Hapo mkulima huweka canang, kisahani cha kuti changa la mnazi kisichozidi kiganja. Katikati yake pana tambuu, popoo na chokaa, vitu ambavyo mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Juu yake hupangwa maua kwa pande: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, ya bluu au kijani kaskazini. Udi huwashwa, maji ya baraka yananyunyizwa, mtu anaendelea na jembe lake.

Pandeni juu kidogo hadi kwenye banio. Pana hekalu dogo la wote wanaotumia banio lile. Juu ya mashamba ya subak nzima kuna hekalu la Ulun Suwi. Subak kadhaa za bonde moja hukutana katika hekalu kubwa zaidi, Masceti. Na juu ya yote, ukingoni mwa kreta ya volkano, lipo Ulun Danu Batur, la Dewi Danu, mungu wa kike wa ziwa. Ziwa Batur halina mto unaotoka, lakini maji yake hupenya ardhini, na kwa wakulima chemchemi za chini ni zawadi ya ziwa. Kwa hiyo kila ngazi ya mfereji ina ngazi yake ya hekalu, na waumini wa hekalu hilo ni wale wale wanaokunywa maji ya ngazi hiyo. Mnapokutana kusali mnakuwa tayari mmekutana wote mnaohusika. Hakuna haja ya barua ya mwaliko.

Hapo juu Batur yupo kuhani mkuu, Jero Gede, anayechaguliwa angali mtoto na kutumikia maisha yake yote, mavazi meupe na nywele zisizokatwa. Subak humpelekea mchango wa mazao uitwao suwinih, hasa katika sherehe kubwa ya mwezi mpevu wa mwezi wa kumi wa Kibali, karibu na Machi au Aprili. Naye hutoa maji ya baraka, hushauri, na husuluhisha pale subak mbili zinapogombea chemchemi au kundi jipya linapotaka kuchimba mfereji. Ni mwamuzi, asiyekuwa na shamba kwenye mfereji unaogombewa. Kuwa bwana wa kugawa maji hakumo katika kazi zake. Volkano ilipofunika kijiji na hekalu mwaka 1926, watu walilijenga upya juu ya ukingo, na subak za chini ziliendelea kupanda kwenda kule.

Kinachogusa tatizo lako zaidi ni kalenda. Bali wana mwaka wa siku 210, unaohesabiwa kwa majuma 30 ya siku saba, na huandikwa kwenye ubao wa mti au kitambaa wenye safu 30 za visanduku saba saba. Kilimo cha mpunga kimefungwa kwenye mfululizo wa ibada. Mapag toya, kuyapokea maji, hufanywa kwenye banio na subak nzima, na kabla ya hapo hakuna anayefungulia. Kisha jembe la kwanza, kitalu, kupandikiza, kisha neduh ya kuomba wadudu wakae mbali. Mpunga ukiwa na mimba (nao husema hivyo hivyo, mpunga una mimba) panafanywa biukukung. Karibu na mavuno ni ngusaba, na mwisho mantenin, sadaka ghalani kwa Dewi Sri, mungu wa mpunga. Mpunga wa kienyeji unaochukua miezi mitano hadi sita ulikatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, ili roho ya mpunga isishtuke. Masuke ya kwanza hufungwa kama sanamu ya mwanamke na kukalishwa ghalani.

Itazame orodha hiyo kwa jicho la katibu wa skimu. Ile ibada ya banio ni kipyenga. Siku zote zinazofuata zinahesabiwa kutoka hapo. Mtu aliyechelewa kupandikiza kwa wiki tatu atajikuta wenzake wanafanya biukukung, ilhali mpunga wake ndiyo kwanza unachipua, na kila mtu ataona. Hakuna anayehitaji kumripoti.

Lakini kwa nini wa juu watii kipyenga? Yeye maji yanamfikia kwanza, anaweza kupanda siku anayotaka. Hapa ndipo penye kiini chote, kwa hiyo nivumilie nieleze polepole.

Mpunga una mahitaji mawili yanayovutana. Hitaji la kwanza ni maji ya kuandaa shamba. Kulowesha na kuvuruga tope peke yake hula kama milimita 200 za maji, yaani karibu mita za ujazo 2,000 kwa kila hekta, ndani ya siku chache. Baada ya hapo unahitaji kulisha tu kile kinachonyonywa na kinachopanda hewani, kwa kimo cha maji cha sentimita tano hadi kumi. Kwa hiyo bonde zima likivuruga tope wiki moja, mto hautoshi. Maji yanadai watu wapishane.

Hitaji la pili ni kuwanyima chakula wadudu na panya. Wereng, kidudu cha kahawia kidogo kama punje ya mchele kinachofyonza utomvu wa mmea, humaliza kizazi kwa takriban mwezi mmoja. Ugonjwa wa virusi wa tungro unahitaji mpunga ulio hai ili udumu. Panya wanazaana mradi kuna masuke yanayokomaa karibu nao. Eneo kubwa likivunwa pamoja na kukaa bila mpunga wiki kadhaa, wote hao wanakosa pa kuishi. Eneo dogo likivunwa peke yake wanahamia kwa jirani, wanarudi kesho. Wadudu wanadai watu wapande pamoja.

Sasa mwangalie wa juu. Akichukua maji yote kwanza, wa chini watapanda nje ya zamu, na mpunga wao mchanga utakuwa daraja la wadudu kuvuka msimu na kupanda tena kwake. Kwa hiyo ana jambo la kuomba kwa wa chini: "Pandeni pamoja nasi, na pumzisheni pamoja nasi." Wa chini naye ana la kudai: "Basi tupe maji kwa wakati." Wanabadilishana. Subak za sehemu moja ya bonde zinakubaliana kwenye hekalu lao la pamoja kupanda siku moja, na za sehemu nyingine zinaanza wiki kadhaa baadaye. Kundi linakuwa kubwa vya kutosha kuua wadudu kwa njaa, na dogo vya kutosha kutoumaliza mto. Mtaalamu wa mila J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer waliweka jambo hili kwenye kompyuta kwa subak 172 za mito ya Oos na Petanu. Mavuno yalikuwa bora zaidi makundi yalipolingana na makundi ya mahekalu, kuliko kila subak kujipangia au bonde lote kupanda siku moja. Walipoacha kila subak ya kwenye kompyuta imwige jirani anayevuna vizuri zaidi, makundi yanayofanana na ya mahekalu yalijitokeza yenyewe.

Bali wamejaribu kuishi bila haya yote, na matokeo yanajulikana. Miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilitaka taifa lijitosheleze kwa mchele. Ililetwa mbegu ya muda mfupi, mbolea na dawa, na wakulima wakaambiwa wapande mara nyingi kadiri iwezekanavyo bila kungoja ratiba ya hekalu. Mavuno yalipanda mwanzoni, na tusiwanyime haki yao hiyo. Kisha kila mtu akawa na mpunga wa umri wake. Wereng walilipuka. Ikaja mbegu inayostahimili wereng, ikaangushwa na tungro. Ikaja inayostahimili tungro, ikashambuliwa na kuvu. Wakati huo huo mradi mkubwa wa umwagiliaji uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Asia, ulioanza 1979, ulikuwa unajenga mabanio ya zege na milango ya chuma. Wakulima wengi wakarejea ratiba za zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 tathmini ya mradi wenyewe ilikiri kwamba mahekalu ya maji yalikuwa na kazi ambayo wahandisi hawakuiona. Tahadhari: hili halithibitishi kwamba mbegu mpya ni mbaya. Hadi leo sehemu kubwa ya mpunga wa Bali ni wa mbegu fupi. Kilichoshindikana ni kupanda bila kupatana.

Ile milango ya chuma inastahili neno lake, maana huenda hata ninyi mnayo. Subak hugawa maji kwa tembuku, gogo la mnazi au mti mgumu lililolazwa kukatiza mfereji, juu yake zimekatwa nafasi. Nafasi zote zina kina kimoja, zinatofautiana kwa upana tu, na upana unafuata haki ya kila tawi. Kwa kuwa maji yanaruka juu ya kingo za kimo kimoja, kinachopita kinalingana na upana, mto ukijaa au ukipungua. Kiangazi kikija, wote wanapungukiwa kwa kiwango kile kile bila mtu kugusa kitu. Na mtoto wa miaka kumi akipita anaweza kuona kama gogo limechezewa. Mlango wa kupandisha na kushusha unahitaji mtu wa kuukalia, ufunguo, na imani kwa mwenye ufunguo. Usiku imani hiyo hupungua sana.

Sasa lile neno ushirikina. Wabali wanaeleza mfumo wao kwa Tri Hita Karana, sababu tatu za heri: uhusiano wa mtu na Mungu, wa mtu na mtu, na wa mtu na ardhi. Maneno hayo kama kaulimbiu ni ya miaka ya 1960, lakini desturi zilizo chini yake ni za kale sana. Msikubali maelezo rahisi kwamba ibada ni hila ya wajanja ili watu watii. Kwa mkulima wa Jatiluwih, Dewi Sri si kisingizio cha ratiba. Ni yule anayemlisha. Wakati huo huo si lazima uamini hivyo ili uwe ndani ya subak. Magharibi mwa kisiwa, wilaya ya Jembrana, wapo wakulima Waislamu katika subak moja na Wahindu. Wanafuata ratiba ile ile, wanatoka kwenye kazi za mfereji, wanachangia, na dua zao wanaziomba kwa namna yao. Mambo haya si mageni kwetu pia. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Kilimanjaro, ilikuwa na ukoo ulioichimba, wazee walioisimamia, zamu, na sadaka kwenye banio.

Cha kuchukua, kwa maoni yangu, ni vitu viwili, na kimoja mnaweza kukianza kabla ya safari.

Kwanza, chukueni ramani ya skimu yenu na kwa msimu mmoja andikeni juu ya kila jaruba tarehe ya kupandikiza na tarehe ya kuvuna. Kisha andikeni hasara ya panya na kimyanga. Mnachotafuta ni jambo moja: je, wa juu nao wanaumia kwa sababu ya kuchelewa kwenu? Kama panya waliolelewa kwenye mpunga wenu wa mwisho ndio wanaowavamia wao msimu unaofuata, mna cha kubadilishana, na mkutano utakuwa mwepesi. Lengeni kupandikiza tawi zima ndani ya wiki mbili, na baada ya mavuno mwezi mmoja usiwe na mpunga hai, pamoja na machipukizi ya kwenye visiki, ambayo ndiyo watu husahau. Kama wa juu hawaumii hata kidogo, nawaambia ukweli: dawa ya Bali haitafanya kazi kwenu yenyewe. Mtahitaji faini na mamlaka ya bonde. Halafu kimyanga si tungro. Virusi vyake hukaa pia kwenye mpunga pori na baadhi ya magugu, na huenezwa hata kwa mikono na majembe. Kupumzisha shamba pamoja kutapunguza, lakini bila kusafisha kingo na kung'oa machipukizi hakutaondoa.

Pili ni tembuku. Tuseme mfereji wenu mkuu unagawa matawi matatu ya hekta 40, 25 na 15. Kwa upana wa jumla wa sentimita 160, nafasi zitakuwa sentimita 80, 50 na 30. Kingo za nafasi zote zipimwe kwa mpira wa maji wa fundi hadi ziwe kimo kimoja kamili, kwani nafasi iliyoshuka hata upana wa kidole inakula haki ya wenzake. Nyuma ya kila nafasi maji lazima yaanguke huru. Tawi likijaa hadi maji yakafika kimo cha gogo, hesabu yote imeharibika. Mbele ya gogo mfereji uwe umenyooka mita kadhaa, bila kona, na tope liondolewe mara kwa mara, la sivyo upande mmoja utapata maji ya kasi. Upana huo ukubaliwe mkutanoni na uandikwe. Ila msiliweke gogo kabla mhandisi wa umwagiliaji wa wilaya hajaja kutazama kwa macho: kizuizi hupandisha maji nyuma yake, na mfereji wenye kingo dhaifu unaweza kupasuka usiku wa mvua.

Ibada msiiige. Sadaka ya mtu mwingine iliyofanywa bila imani haimfungi mtu yeyote, na itawaletea ugomvi mpya. Lakini siku ya kufungulia maji mnaweza kuifanya siku ya wote: mikutano ya dini zenu, dua na sala, chakula, kisha kipyenga. Mpaka wapi Muislamu au Mkristo anaweza kushiriki sherehe ya Kihindu akiwa mgeni, hilo si la mtaalamu wa maji. Kaeni na sheikh wenu na mchungaji wenu kabla ya safari, na muwaeleze wazi kwamba kutakuwa na udi, maji ya baraka, na vyakula ambavyo mara nyingi vina nyama ya nguruwe.

Watu wenu wawili waende Jatiluwih wilayani Tabanan, na bonde la Pakerisan upande wa Tampaksiring ambako chemchemi ya Tirta Empul hulisha mashamba ya chini. Picha zitapatikana tu. Waombe kwanza kuonana na pekaseh, kupitia ofisi ya kijiji na mkalimani anayejua Kibali, maana maneno ya mfereji ni ya Kibali hata pale watu wote wanapozungumza Kiindonesia. Wamuulize lini ni sangkep, mkutano wa wanachama, ambao subak nyingi hufanya kila siku 35. Saa mbili za mkutano ule zina thamani kuliko siku tatu za kutembea kwenye kingo. Na waulize pia yanayouma: vijana kwenda hotelini, majaruba kugeuka nyumba za wageni, kodi ya ardhi kupanda karibu na watalii, maji kuvutwa na bomba. Jaruba lililoachwa kavu hupasuka, kaa na mikunga hutoboa kingo, na ngazi ya juu ikiporomoka huiangukia ya chini, kwa hiyo mkulima mmoja anayeuza shamba katikati ya mteremko anawaletea mzigo wote waliobaki.

Hekaluni wavae shuka kiunoni na mshipi wa kitambaa. Kikoi kinatosha. Aliye hedhini au aliyefiwa karibuni hutakiwa abaki nje, na aambiwe hivyo mapema asije akaaibika mlangoni. Wasivuke sadaka iliyowekwa chini, wasipite mbele ya wanaosali, wasisimame juu kuliko kuhani. Shambani wasikanyage kingo zilizopakwa tope jipya, ambazo nyingi hazizidi upana wa nyayo mbili. Kabla ya kukata tiketi tazameni Nyepi inaangukia lini mwaka huo, kwa kawaida Machi: kwa saa 24 hakuna anayetoka nje, taa zinazimwa, na hata uwanja wa ndege unafungwa.